Baba Mkwe Asiyekula

Édouard hakuwahi kuona jambo la maana kwenye barafu, na haki ya kusema hivyo alikuwa nayo, maana barafu ndiyo iliyokuwa ikimlipia kodi ya nyumba miaka nenda miaka rudi. Siku za kazi alipanda metro pale Husby, kitongoji cha Stockholm alikoishi, akabadilisha katikati ya jiji, akachukua treni ya Jordbro, akavaa koti nene juu ya koti jingine, akaingia kwenye ghala la vyakula vilivyogandishwa kuendesha mashine ya kunyanyulia mizigo. Humo ndani ni nyuzi ishirini na tano chini ya sifuri, iwe Januari, iwe Julai. Waswidi wenyewe, wenye nchi yao, wakikaa kidogo huanza kuutafuta mlango kwa macho. Édouard alikaa. Basi wenzake kazini walipoanza kusimulia jinsi walivyojinyima likizo mbili ili wakaone barafu ya Greenland, aliwatazama kama mchimba kisima anavyomtazama mtu aliyelipa nauli kwenda kuona shimo.

"Bakuye hapa ghalani," alimwambia mkewe Perpétue. "Nitabaonyesha bure, na samaki juu yake."

Dharau ya mtu huyu haikuwa ya kuchagua. Watanzania wa Hässelby aliwabeza kwa sababu husalimiana mpaka chai inapoa. Wakenya aliwabeza kwa sababu hawamalizi sentensi kwa lugha waliyoianzia. Yeye mwenyewe alichomeka Kifaransa kila baada ya neno la tatu, lakini Kifaransa, alisema, ni kitu kingine. Waswidi walikuwa watu wa kupanga foleni hata mbele ya mlango ulio wazi. Majirani zake wa Husby, Wakongo wenzake waliotoka naye Uvira, walikuwa washamba waliobahatika. Akimaliza kuwapanga wote hao katika nafasi zao alisonya, akanyoosha miguu, akajiona amefanya kazi.

Mtu mmoja tu alimshinda kumdharau, naye ni bintiye wa kwanza, Victoire. Hapo ndipo alipopatikana.

Victoire alisomea uuguzi hapo hapo Stockholm, akafaulu vizuri, akapata kazi ya miezi michache katika hospitali moja ya Greenland. Miezi ile ikazaa mingine. Akarudi Krismasi moja, akaondoka tena. Kisha siku moja akapiga simu mchana, wakati anajua baba yake yuko nyumbani.

"Papa, nimepata mutu."

"Mutu wa wapi?"

"Wa huku."

"Huko kuna batu?" Édouard akauliza, na hakuwa anatania.

Mtu mwenyewe aliitwa Anton, mzaliwa wa kule, mvuvi. Neno hilo lilimchoma Édouard kuliko yote. Baba yake alikuwa mvuvi. Babu yake alikuwa mvuvi. Yeye alikuwa amekimbia vita, akala uji wa kambini Nyarugusu, akavuka mabara, ili mwisho wa yote binti yake mwenye shahada aende kuparua magamba ya samaki kwa mtu anayeishi kwenye friji? Alimwambia Victoire kwamba kama kijana huyo ana wazazi, waje Husby wapige hodi, wajitambulishe, wapose kama watu. Hawakuja. Kwanza ilikuwa msimu wa samaki, kisha mama mtu hapandi ndege, kisha Victoire akasema wazi kwamba kwa kina Anton hakuna jambo kama hilo. Watu wakipendana wanaoana, na ndoa itafungwa Agosti katika kanisa la kijijini kwao. Baba akipenda, aje.

Jumapili iliyofuata, familia yote ikiwa imekaa baada ya ibada, Édouard akasimama akatamka kwamba ndoa bila posa si ndoa. Victoire atakanyaga nyumba hii akija peke yake. Akija na mwanamume yule, mlango hautafunguliwa kwa yeyote kati yao. Alitamka hayo mbele ya mzee Israël, binamu wa marehemu baba yake, ambaye kwa ukoo wao waliotawanyika Stockholm ndiye anayefunga maneno. Na neno likitamkwa mbele yake, halirudi mfukoni hivi hivi. Perpétue akaondoka sebuleni. Tangu siku hiyo akawa anampakulia mumewe chakula bila kumtazama usoni.

Mzee Israël ndiye aliyepata njia. Alisema neno gumu hulainishwa kwa miguu. "Enda weye mwenyewe, Édouard. Ukabaone. Kama ni batu, batakuuliza neno lako, na tutajua tuko na bakwe. Kama habana kitu cha kuuliza, mulete mwana nyumbani."

Baba wa binti kwenda kwa kina muoaji! Husby ilicheka kwa wiki nzima. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, walisema wale washamba waliobahatika, tena walisema kwa sauti, kwenye duka la mihogo. Édouard aliyasikia. Kwa mara ya kwanza dharau ilikuwa inamjia yeye, na akaona jinsi isivyolika. Lakini alikata tiketi. Magoti ya mzee Israël hayakumruhusu kusafiri, wengine walikuwa kazini, kwa hiyo alikwenda bila msemaji, jambo ambalo ni aibu juu ya aibu, maana katika posa baba hasemi mwenyewe. Baba hukaa kimya akaheshimiwa, wengine wakamsemea.

Alivaa suti yake ya harusi za watu, na juu yake koti la ghalani. Ndege ya kwanza ilikuwa kubwa, ya pili ndogo, ya tatu akaidharau kabla haijaruka. Mji alioshukia ulikuwa na jina refu ambalo alikataa kujifunza. Nyumba za rangi rangi zimekaa juu ya mawe matupu, hakuna mti hata mmoja wa kufungia mbuzi, na mbuzi mwenyewe hayupo. Ilikuwa Juni na jua lilining'inia pale pale muda wote. Hata jua la hawa, aliwaza, halina adabu ya kwenda kulala.

Victoire alimkumbatia kwa nguvu, akalia kidogo, akacheka. Alikuwa amenenepa, jambo ambalo Édouard aliliona na kulinyamazia. Nyuma yake alisimama Anton: mfupi, mpana, uso umeungua kwa jua, mikono imejaa makovu ya kamba. Akampa mkwewe mkono, akatikisa kichwa, akachukua begi. Basi. Hakuinama, hakusema shikamoo ya kwao kama ipo, hakuuliza habari za safari wala za waliobaki nyumbani.

"Ni bubu?" Édouard akamuuliza binti yake.

"Hapana, Papa. Anakusubiri weye uanze."

Édouard hakuanza. Mkubwa aanze kwa nini?

Kijiji cha kina Anton hakina barabara. Njia ni bahari tu, ghuba nyembamba inayoingia ndani ya nchi kati ya kuta za mawe, ikipinda na kupinda tena, na huko mwisho wake kuna barafu kuu inayomomonyoka na kumwaga milima yake majini. Mashua ya Anton ilipita katikati ya milima hiyo. Mingine ilikuwa mikubwa kuliko magorofa ya Husby, myeupe, yenye mishipa ya buluu, na maji yakitiririka ubavuni mwake kwa sababu ya jua. Mashua ya watalii ilikuwa imesimama kando. Watu waliovaa nguo nyekundu sare walikuwa wanapiga picha wakinong'ona kama wako kanisani. Édouard akasonya. Barafu isiyopangwa, isiyo na lebo, isiyo na tarehe ya kuharibika. Ghalani kwao ingerudishwa.

Hapo mlima mmoja ukapasuka. Mlio wake ulikuwa wa mzinga, na Édouard anaijua milio ya mizinga. Kipande kikubwa kikaanguka, mlima wenyewe ukayumba, ukajigeuza taratibu, tumbo lake la kijani likaja juu, na wimbi likaanza kuwajia. Anton akageuza mashua ikatazama wimbi, akapunguza mwendo, akalipokea. Mashua ikapanda, ikashuka. Bwana wa nyuzi ishirini na tano alikuwa ameshika koti la binti yake kwa mikono miwili, macho ameyafumba.

"Jordbro pia kuna makelele," akasema alipoyafumbua.

Na upepo! Ghalani hakuna upepo, na hili hakuna aliyemwambia. Koti lile, lililomtosha miaka yote akiwa amekaa kwenye mashine, liliingiliwa na upepo kila tundu, mpaka meno yakaanza kugongana. Anton akatoa vazi zito chini ya kiti, akamnyooshea bila kusema kitu. Édouard akalitazama, likanuka mafuta ya samaki, akatikisa kichwa. Anton akalirudisha chini ya kiti vile vile bila kusema kitu. Hakubembeleza hata mara moja. Kwetu mgeni hukataa kwanza, ndipo abembelezwe. Kila mtoto anajua. Mzee wa watu akatetemeka njia nzima kwa sababu ya mtu asiyejua kubembeleza.

Nyumba ya mama yake Anton ilikuwa nyekundu, juu ya mwamba, na mbwa wamefungwa chini yake wakilia kama waliofiwa. Meza ilikuwa imejaa: keki za kila namna, samaki wakavu, nyama ya sili iliyochemshwa, na ngozi ya nyangumi mbichi iliyokatwa vipande pamoja na mafuta yake. Victoire alimweleza kwamba kijiji chote kimealikwa kwa ajili yake. Kwa desturi ya huku, mtu huingia, humpa mkono mgeni, hula, hunywa kahawa, kisha huondoka upesi ili mwingine apate kiti. Édouard akasikia nusu. Alichokiona ni kwamba wazee wapo, chakula kipo, na yeye kapewa pembe ya kochi, mahali pa heshima. Akavua koti, akanyoosha tai. Sasa alikuwa kwenye kazi anayoijua.

Kazi yenyewe ilikuwa kutokula. Kwao Uvira, na Husby pia, mtu aliyekwenda kwa neno la ndoa hagusi chakula cha wenyeji mpaka neno lisemwe. Atapokea sahani kwa mikono miwili, atashukuru, ataiweka mbele yake, na ataiacha ipoe. Haichukui muda kabla wanawake hawajaanza kunong'onezana jikoni. Mzee wa nyumba atakohoa na kuuliza: baba mkwe, mbona mkono hauendi sahanini? Hapo mlango umefunguka. Posa inasemwa, mahari yanasemwa, watu wanabishana, wanacheka, na mgeni anakula. Akila, amekubali. Akiondoka bila kula, amekataa, na hakuna ndoa.

Mama Anton, mwanamke mnene mwenye nywele nyeupe, alimletea sahani mwenyewe: nyama ya sili juu ya wali, na vipande vya ngozi ya nyangumi pembeni. Édouard akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru kwa Kiswidi, akaiweka mbele yake. Kisha akaanza kusubiri.

Watu wakaingia. Wakampa mkono, wakala, wakanywa, wakaondoka. Wengine wakaingia. Kikongwe mmoja alikaa karibu naye, akaushika mkono wake akaushikilia muda mrefu, akitazama dirishani, kisha akaurudisha na kwenda zake. "Mzee muzima hana neno," Édouard akasema kwa Kiswahili. Victoire aliyekuwa akipita na birika akamjibu kwamba huyo ni babu yake Anton, na amepanda mashua tangu alfajiri aje kumwona. Hilo nalo Édouard akaliweka kwenye hesabu ya makosa yao: babu mzima kasafiri kuja kukaa kimya.

Mama Anton alipita, akaitazama sahani, akamtazama mgeni, akaenda zake. Akapita tena. Hakuuliza. Wali uligandamana, mafuta ya nyama yakaganda, na jua likabaki pale pale dirishani, kwa hiyo hata giza halikuja kumsaidia mtu kujua amesubiri kiasi gani. Njaa ilimkamata vibaya. Tangu mjini hakuwa ameweka kitu tumboni. Alikaa wima na tai yake, akiwachukia wote: watu wanaomwona mgeni ana sahani imejaa mpaka inapoa na hakuna hata mmoja wa kusema mbona huli. Ng'ombe huulizwa. Mbwa wale wa nje, wakisusa samaki, si wangeulizwa?

"Victoire," akamwita. "Hawa batu habana adabu."

Binti akasimama mbele yake na birika mkononi. "Juu ya nini, Papa?"

"Habaoni?" akasema, akaielekeza sahani kwa kidevu.

"Wanaona. Huku mutu akikataa kitu, hawamulazimishi. Wanasema ana sababu yake, wanamuachia."

Ndipo Édouard alipokumbuka kitu ambacho dharau ilikuwa imemsahaulisha. Victoire anajua. Alipoposwa binamu yake Précieuse, pale Husby, Victoire ndiye aliyebeba sahani, na ndiye aliyekimbilia jikoni kuwaambia wanawake kwamba wageni hawali. Anajua sahani hii inasema nini tangu ilipowekwa chini. Katika nyumba nzima yeye peke yake ndiye anayeisoma, na kilichotakiwa ni neno moja tu kwa Kidenmaki kwenye sikio la mama mkwe: muulize baba yangu kwa nini hali. Angeulizwa. Angesema. Hata wangetoa nini, samaki, mbwa, barafu yenyewe, angepokea na kula, na kurudi Husby na wakwe. Akamtazama binti yake kwa macho ya kuomba, naye Édouard hajawahi kumwomba mtu.

Victoire akaitua birika. Akakaa kando ya baba yake kwenye kochi, akaivuta sahani upande wake, akaanza kula.

Alikula bila haraka, wali uliopoa na nyama iliyoganda. Ngozi ya nyangumi ni ngumu, ikamchukua muda kuitafuna, na wakati wote huo alikuwa anamtazama baba yake usoni. Watu waliendelea kuongea na kucheka. Hakuna aliyejua kilichokuwa kinafanyika. Wawili wale walijua. Binti akila chakula cha kina muoaji mbele ya baba yake, hakuna tena wa kubishana. Amejitoa mwenyewe, kwa mdomo wake mwenyewe, na baba amebaki na mikono mitupu.

"Imeisha, Papa," akasema, akaipeleka sahani jikoni akaiosha.

Édouard aliondoka kesho yake. Kwenye mashua hakusema kitu, na Anton, safari hii, alipata mtu wa kulingana naye. Kwenye uwanja wa ndege Victoire alimshika baba yake shingoni, hakulia. Alimwambia ndoa ni Agosti, na baada ya ndoa wangependa kuja Husby kumsalimia mama. Hakumuuliza kama wataruhusiwa. Édouard alisema ndege inaondoka, na kweli ilikuwa inaondoka.

Jumapili nyumba yake ilijaa. Mzee Israël kwenye kiti cha mbele, Bonheur na vijana wengine wa ukoo kwenye zulia, Perpétue amesimama mlango wa jikoni na kitambaa cha kufutia vyombo begani. Édouard akasimulia, na alikuwa kwenye kilele chake. Aliwapa nchi isiyo na mti. Aliwapa jua lisilo na adabu, mbwa wanaolia kama waliofiwa, kijana asiyejua kubembeleza mgeni, kikongwe aliyepanda mashua kuja kukaa kimya. Milima ya barafu ikawa vijiwe vya friji iliyoharibika. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Wale waliosema chema chajiuza ndio waliocheka zaidi.

Mzee Israël hakucheka sana. Akangoja kelele zitulie, akainua kiganja.

"Bon. Tumesikia ya inchi. Sasa neno ni moja. Ulikula kwabo?"

Hapakuwa na mtu pale asiyejua swali hilo limebeba nini. Akisema hakula, kiapo chake kimesimama: hakuna wakwe, hakuna ndoa, na baada ya Agosti Victoire atapiga hodi kwenye mlango usiofunguliwa. Édouard akatazama mlango wa jikoni. Perpétue alikuwa ameshaongea na binti yake kwa simu, alijua ni mdomo gani uliokula sahani ile. Hakumsaidia. Alisimama tu na kitambaa chake, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ya kiapo alikuwa anamtazama mumewe usoni.

"Nilikula," Édouard akasema.

"Ukamaliza?"

"Nikamaliza yote."

Mzee Israël akapiga kofi moja kwenye goti lake bovu, akasema basi, tuko na bakwe, neno limefungwa. Wanawake wakapiga vigelegele. Bonheur, ambaye bado alikuwa na kicheko cha hadithi ya kwanza mdomoni, akasogea mbele akauliza chakula cha watu hao kina ladha gani, na wote wakamgeukia Édouard wakiwa tayari kucheka tena.

Édouard akameza mate.

"Kitamu," akasema.